Historia ya Mchubuko Katika Nchi ya Asali

Kijana akianguka na pikipiki kwenye barabara ya changarawe nje kidogo ya Mpanda, akainuka paja na kiwiko vimechunika, swali la kwanza atakaloulizwa nyumbani ni "Umepaka nini?" Kila nyumba ina jibu lake: asali, spiriti, mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno, unga wa kapsuli za rangi mbili. Ubishi wa jioni hiyo utakuwa juu ya ipi kati ya hizo ni kiboko. Historia ya vidonda katika nchi hii nayo imezoeleka kusimuliwa hivyohivyo: zilikuwepo dawa za miti shamba, zikaja za wamisionari, zikafuata za serikali, mwisho ikaja penisilini. Kwa maoni yangu simulizi hiyo imesimama kichwa chini, miguu juu. Ukizipitia habari za miaka 150 hivi katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi, pamoja na njia za misafara zilizolipita, utaona dawa ya kupaka ikibadilika kizazi hata kizazi, huku anayepona na anayeoza wakiendelea kutofautishwa na mambo mengine kabisa. Waliopona walikuwa na maji ya kutosha ya kuosha, kitambaa safi cha kufunika, na nafasi ya kukaa chini. Mambo hayo matatu hakuna aliyeyaita dawa. Hata asali, ambayo ni fahari ya Katavi na ambayo nitaitetea hapa chini, hufanya kazi yake vizuri pale tu mambo hayo yanapokuwa yameshatangulia.

Mchubuko hudharauliwa kwa sababu hautoi damu nyingi. Mkato wa panga unatisha. Damu inaruka, watu wanapiga kelele, mtu anakimbizwa zahanati. Mchubuko unavuja majimaji ya manjano, mwenyewe anachechemea hadi nyumbani na kusema si kitu. Lakini tazama kilichotokea pale pajani. Ngozi ya juu imefutika kwa upana wa viganja viwili au vitatu, ncha za mishipa ya fahamu zimebaki wazi, ndiyo maana mchubuko unauma kuliko mkato wenye kina zaidi. Punje za changarawe, vumbi jekundu na nyuzi za suruali vimesukumwa ndani ya nyama kwa uzito wote wa mwili ulipoburuzwa. Damu ya mkato husukuma nje sehemu ya uchafu; hapa hakuna damu ya kufanya kazi hiyo. Kimaumbile jeraha hili liko karibu zaidi na la kuungua moto kuliko la kukatwa, na ukaribu huo utakuwa na maana tutakapofika kwenye asali. Kwa sasa inatosha kusema kwamba adui wa kwanza ni kile kilichoingia wakati wa kuanguka. Chochote utakachopaka juu yake unakifungia ndani.

Watu waliolijua jambo hili kwa mateso makubwa kuliko wote walikuwa wapagazi na watumwa wa misafara ya karne ya 19. Baadhi ya njia za kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika zilipita Ukonongo na Ukawendi, nchi ya misitu ya miombo ambayo sehemu yake kubwa leo iko Katavi. Mguu uliochubuliwa na kisiki au jiwe asubuhi ulikuwa na saa kadhaa za kutembea mbele yake, mzigo kichwani, vumbi njia nzima, chakula haba. Mchubuko mdogo ukawa kidonda, kidonda kikawa donda ndugu linalokula hadi mfupa. Mmisionari na msafiri David Livingstone ameacha habari zake mwenyewe. Akiwa Bambarre, yaani Kabambare ya Maniema, ng'ambo ya ziwa, alifungiwa kibandani na vidonda vya miguu tangu tarehe 22 Julai hadi tarehe 10 Oktoba 1870, siku 80. Aliandika kwamba mguu ukigusa chini tu, majimaji yenye damu yalichuruzika, na kwamba vilio vya watumwa wenye vidonda vya namna hiyo vilikuwa sehemu ya sauti za usiku katika kambi zao. Tiba aliyoisifu ilikuwa jiwe la kijani lenye shaba, linalosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya.

Jiwe hilo lina nafasi yake, maana shaba huua vijidudu. Lakini hesabu ya siku inasema jambo ambalo Livingstone mwenyewe hakulipa uzito uleule. Mtu huyu alikaa ndani siku 80. Hakubeba mzigo, hakukanyaga vumbi, alikuwa na watu wa kumletea maji na chakula. Mtumwa aliyekuwa akilia usiku upande wa pili wa kijiji, hata angepakwa jiwe lilelile kwa unyoya uleule, kesho yake angefungwa mnyororo na kuendelea na safari. Sioni namna ya kusema kwamba shaba ndiyo iliyowatenganisha watu hao wawili.

Kitambaa nacho kina habari yake. Msafara ulibeba vitambaa kuliko kitu kingine chochote pengine, merikani na kaniki, mizigo kwa mizigo. Vitambaa hivyo vilikuwa fedha. Ndivyo vilivyonunua chakula, ndivyo vilivyolipa hongo kwa watemi ili njia ifunguliwe. Mpagazi aliyepita na merikani safi begani hakuwa na ruhusa ya kuichana kipande afunge goti lake. Angekuwa anachana mali ya tajiri. Alifunga kwa jani, au kwa kipande cha nguo aliyokuwa ameivaa tangu pwani, au hakufunga kabisa. Kisha mwishoni mwa karne ile akaja tekenya, mdudu aliyeletwa na meli kutoka Marekani ya Kusini hadi pwani ya Angola mwaka 1872, akalivuka bara, na katika miaka ya 1890 alikuwa ameshafika upande wetu. Miguu iliyokuwa na mlango mmoja wa uchafu ikawa na milango kumi.

Na asali? Ilikuwepo wakati wote huo, juu ya vichwa vyao. Tarehe 27 Januari 1872, Livingstone na mwandishi wa habari Stanley wakitoka Ujiji kwenda Tabora kupitia nchi hii, kundi la nyuki lilimvamia punda aliyenunuliwa kwa ajili ya Livingstone. Punda badala ya kukimbia alijigaragaza chini, na siku mbili baadaye akafa. Livingstone ikabidi aendelee kwa miguu, na miguu yenyewe ndiyo hiyo. Ukitaka kuijua nchi ya Ukonongo kwa tukio moja, hilo linatosha: vidonda chini, nyuki juu. Wakonongo walikuwa, na wengi hadi leo ni, warina asali. Mzinga wao wa jadi ni gome la mti, mtundu au myombo, linalobanduliwa zima likiwa bichi, likarudishiwa umbo la bomba, likashonwa kwa vijiti ubavuni na kuzibwa ncha zote mbili, kisha likatundikwa juu ya matawi. Asali hurinwa usiku kwa moto na moshi, na hushuka na masega, vipande vya nta, na mara nyingine nyuki waliokufa. Asali nyingi iliyopatikana hivyo, ukweli usemwe, ilinyweka: iliishia kwenye wanzuki. Lakini nyingine ilipakwa kwenye vidonda, kama ilivyofanyika Misri ya kale na kila mahali palipo na nyuki na watu wanaoanguka.

Hapa ndipo mpinzani wangu wa kwanza anaposimama, na hoja yake si nyepesi. Atasema: unaishusha dawa ya kupaka, lakini asali imethibitishwa. Ni kweli. Asali nzuri ina maji pungufu ya asilimia 20. Sukari iliyobaki hunyonya maji kutoka kwa bakteria hadi wanakauka. Ina ukali wa asidi ambao wengi wao hawaupendi. Ndani yake kuna kimeng'enya kilichotoka kwa nyuki, ambacho asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda hutengeneza kidogokidogo haidrojeni peroksaidi, kitu kilekile kinachouzwa dukani kwenye chupa, ila kwa kiasi kisichochoma nyama changa. Mapitio ya Maktaba ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 26 yenye washiriki zaidi ya 3,000, yalikuta kwamba majeraha ya moto yasiyo na kina kirefu yaliyofunikwa kwa asali yalipona siku 4 hadi 5 mapema kuliko yaliyofunikwa kwa bandeji za kawaida. Kwa kuwa mchubuko mpana unafanana na jeraha la namna hiyo, mwenye asali yake ana haki ya kujivuna.

Tatizo ni kwamba katika majaribio hayo asali ilipakwa kwenye jeraha lililokwisha kusafishwa, ikafunikwa kwa gozi, na bandeji ikabadilishwa kwa ratiba. Anayemimina asali ya chupa ya soda juu ya changarawe na kuacha nzi watue hajafanya kitu hichohicho, ingawa amepaka kitu hichohicho. Asali inayotumika hospitalini, tena, huwa imepitishwa kwenye mionzi ili kuua mbegu za bakteria zinazoweza kuishi ndani yake. Asali iliyorinwa usiku kwa kienge na kukamuliwa kwa mikono haijapitia huko, sembuse ile iliyoongezwa sukari barabarani. Wapika wanzuki wanalijua jambo jingine ambalo wapakaji wanalisahau: asali ikizimuliwa haikai, inachacha. Mchubuko mpana unavuja maji mchana kutwa na kuizimua asali iliyopakwa juu yake. Ndiyo maana ile ya jana haina budi kuoshwa na kuwekwa nyingine, mara moja kwa siku, na mara mbili siku za mwanzo kidonda kinapotiririka sana. Asali nzito, safi, iliyochujwa, juu ya jeraha lililooshwa, chini ya kitambaa kilichochemshwa, ni tiba ya nyumbani ninayoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Ukiondoa kuosha na kufunika, nitakachokuwa nikitetea ni utamu tu.

Mabadiliko makubwa ya kweli katika eneo hili yaliingia kupitia Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers. Mwaka 1889 alifika Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari Algeria, kisha akapelekwa Malta katika chuo ambacho Kardinali Lavigerie alikifungua mwaka 1881 ili kuwasomesha Waafrika udaktari. Alitibu watu Karema hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67, na habari za maisha yake alizieleza mwenyewe kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Inafaa kuangalia alisoma lini. Mpasuaji Joseph Lister alitangaza njia yake ya kutumia asidi ya kaboliki kwenye majeraha mwaka 1867. Atiman alikuwa Malta kati ya mwaka 1881 na 1888, miaka ambayo madaktari wa Ulaya walikuwa wakiikubali hoja kwamba usaha si hatua ya lazima katika kupona, kama vizazi vya kabla yao vilivyodhani, bali ni dalili kwamba kitu kimeingia. Mtu aliyefunzwa wakati huo alishika kazi ya kidonda kwa mikono tofauti na wale waliomtangulia kwa miaka 20 tu.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hapo basi ni kaboliki iliyoleta mabadiliko, yaani dawa ya kupaka. Lakini kaboliki yenyewe iliachwa. Lister aliacha kuipuliza hewani mwaka 1890, na wapasuaji wakahamia kwenye kuchemsha vyombo na kunawa mikono. Kisha katika Vita Kuu ya Kwanza, Alexander Fleming, miaka mingi kabla ya penisilini, alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali ya kijeshi Boulogne, Ufaransa, na mwaka 1919 akaonyesha kwa mirija ya kioo yenye vijipembe kwamba dawa kali za kuua vijidudu hazifiki kwenye mianya ya jeraha walikojificha, ila zinaziua chembe nyeupe za damu zinazopigana nao. Spiriti juu ya mchubuko ni mtoto wa mkanganyiko huohuo. Inachoma, na kwa kuwa inachoma watu wanaamini inafanya kazi. Kumbe sehemu ya kinachoungua ni ngozi changa iliyokuwa imeanza kutambaa kutoka pembeni. Spiriti ni ya kusafishia ngozi nzima kabla ya sindano. Kwenye nyama iliyo wazi haina kazi.

Serikali ya Kiingereza, kuanzia katikati ya miaka ya 1920, iliruhusu zahanati ndogo chini ya mamlaka za wenyeji, na ndani yake akawekwa mtu aliyeitwa dresa. Cheo chenyewe kilitokana na kufunga vidonda, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa: kuosha, kupaka, kufunga bandeji, kumwambia mgonjwa arudi. Tungetarajia dresa awe shujaa wa historia hii, na kwa kiasi fulani ndivyo alivyokuwa. Ila miaka ileile iliingia sindano ya buba. Watu waliokuwa na vidonda vya buba miaka nenda rudi walichomwa, na baada ya wiki chache vidonda vikafunga. Hakuna aliyewahi kuona muujiza kama huo, na imani iliyozaliwa pale haijafa hadi leo: dawa ya kweli huingia mwilini, inachoma, inatoka kwa mtaalamu. Maji na sabuni vikaonekana vitu vya kupotezea wakati. Siwalaumu waliofikiri hivyo. Buba ni ugonjwa wa mwili mzima na sindano ndiyo iliyokuwa tiba yake wakati huo. Kosa lilikuwa kuupima mchubuko kwa kipimo cha buba.

Mji wa Mpanda wenyewe ulikua kwa kazi za kuchubua watu. Machimbo ya risasi, yenye fedha na dhahabu ndani yake, yaliletewa reli kutoka Kaliua mwaka 1950, na mwaka 1960 yakafungwa. Reli ikabaki na mji ukabaki. Wakimbizi wa Burundi walioletwa Katumba baada ya mauaji ya mwaka 1972, na wengine Mishamo mwaka 1978, walifyeka misitu kwa panga na jembe la mkono. Kwa hawa la kuangalia ni kwamba makazi yalipangwa kwa kuhesabu visima na zahanati pamoja na mashamba. Kisima kikiwa karibu, mguu unaoshwa jioni. Kikiwa mbali, ndoo moja inagawanywa kati ya ugali, mtoto na mgonjwa, na kila mtu anajua nani atakosa.

Hapo ndipo kilipo kipingamizi kizito kuliko vyote, na sitaki kukiruka. Maji gani, atauliza mtu wa Katavi. Mto Katuma wakati wa kiangazi hugeuka vidimbwi ambavyo viboko wanasukumana ndani yake kwa mamia. Vijijini wako wanaochota kwenye madimbwi kama hayo. Kumwambia mtu wa namna hiyo aoshe kidonda kwa maji mengi si ni kumwongezea uchafu? Jibu ni kwamba maji yanayofaa kunywewa yanafaa kuoshea mchubuko, na yasiyofaa yanachemshwa. Majaribio yaliyolinganisha maji safi ya bomba na maji ya chumvi ya hospitali kwenye majeraha ya kawaida hayakukuta kwamba ya bomba yanaongeza kuoza. Sufuria ichemke vizuri, ifunikwe, ipoe hadi kuwa vuguvugu. Ukitaka yasiume sana, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita. Mnawe mikono kwanza, yeye na wewe. Kisha mimina, kopo baada ya kopo, lita tatu au nne kwa paja lililochunika, huku ukifuta taratibu kwa kitambaa safi kilicholowa na kuondoa punje kwa kibanio kilichochemshwa. Sabuni ya mche inatosha kwa ngozi ya pembeni. Mgonjwa atapiga kelele, na wengi huachia hapo, punje zikiwa bado ndani. Ajizi ya dakika hizo kumi ndiyo inayolipwa kwa wiki tatu za usaha, na changarawe iliyobaki huweka alama nyeusi chini ya ngozi isiyotoka tena. Zile zisizotoka kwa kumiminia na kufuta ni kazi ya zahanati, ambako kuna ganzi. Mwaka 1973, kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima karibu milioni mbili nchi nzima kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili. Walichimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Hakuna sababu ya kuamini kwamba watu walioweza hilo watashindwa kuchemsha sufuria moja ya ziada.

Kitambaa kina ubishi wake. Wengi husema kidonda kiachwe wazi kipate hewa, kikauke, kifanye kigaga. Inaonekana ni akili ya kawaida, na hadi mwaka 1962 wataalamu wengi waliiamini pia. Mwaka huo mtafiti George Winter alichapisha matokeo ya majeraha madogo aliyoyafanya kwenye migongo ya nguruwe: yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya yale yaliyoachwa yakauke. Ngozi mpya hutambaa juu ya nyama yenye unyevu. Ikikuta kigaga inalazimika kuchimba chini yake. Kwa mtu wa Mpanda, mwenye vumbi na nzi, kuacha wazi kuna hasara maradufu. Khanga iliyozeeka, ikafuliwa, ikachemshwa na kupigwa pasi ya moto pande zote, haina upungufu wa maana ukilinganisha na gozi. Asiye na asali aweke mafuta ya mgando safi kutoka kwenye kopo jipya ili kitambaa kisigandie. Anayebandua kitambaa kilichogandia anaondoka na ngozi mpya ya siku nzima, na ndiyo maana kinaloweshwa kwanza.

"Lakini baba yangu alipaka majivu akapona." Sina shaka alipona. Michubuko mingi hupona hata ikitendewa vibaya, kwa sababu mwili una kazi yake na hauombi ruhusa. Kwa hoja hiyo kila kitu kilichowahi kupakwa ni dawa: majivu, mafuta ya taa, unga wa betri. Ambao hawakupona hawapo barazani kusimulia. Kapsuli za rangi mbili ndizo kilele cha mkondo huu wa kupaka. Zinafunguliwa, unga unanyunyizwa, kidonda kinaonekana kikavu, kinapendeza. Chini ya ganda hilo la unga usaha unatunga kimyakimya, na bakteria waliobaki wamefundishwa kuistahimili dawa ambayo kesho itahitajika kwa nimonia ya mtoto. Mchubuko ulioanza kuoza kweli, wenye wekundu unaotanuka, joto, harufu, mistari inayopanda mguuni, mtoki kwenye kinena au homa, unahitaji dawa ya kumeza au sindano kwa kipimo cha mhudumu wa afya, na haraka zaidi kwa mwenye kisukari. Unga juu yake hausaidii.

Kuna mahali hoja yangu inaishia, nami nakiri mpaka wake. Mbegu za pepopunda zinaishi kwenye udongo na kwenye mavi ya mifugo, na zinaweza kujificha kwenye mchubuko uliooshwa kwa bidii zote. Maji hupunguza hatari; kinachoizuia ni chanjo. Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1975, na mwaka 2012, mwaka uleule Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa kuwa mkoa, ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga. Ushindi huo ulipatikana kwa kuwachanja wajawazito kliniki, mimba hata mimba. Mwanamume hana kliniki ya namna hiyo. Akishamaliza chanjo za utotoni, kama alizimaliza, hakuna ratiba inayomwita tena, na ndiye anayeendesha bodaboda kwenye changarawe, ndiye mchimbaji mdogo, ndiye anayepanda mtini usiku kurina. Akichubuka vibaya, safari ya zahanati ina maana hata kama nyumbani wamemwosha vizuri: anakwenda kuulizwa mara ya mwisho alichanjwa lini, na kama hakumbuki, kuchomwa.